Vitamini D: Kipimo Chake na Hatari ya Kuzidisha

(Hotuba ya Kamati ya Afya katika maadhimisho ya hekalu letu)



Tulipopewa nafasi ya kusema katika maadhimisho haya, tulitazamiwa kusoma taarifa ya kawaida: watu wangapi walipimwa presha, wangapi sukari, na miwani mingapi iligawiwa. Taarifa hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa jikoni, na anayeitaka ataisoma huko. Leo tumeomba ruhusa ya kusema jambo moja tu, nalo linatuhusu sisi wenyewe kwa namna isiyotupendeza.

Mwaka jana, katika kambi yetu ya afya, tuligawa karatasi ya kuwahimiza watu watumie vitamini D. Tuliandika kwamba mifupa huihitaji ili mwili uweze kunyonya kalsiamu kutoka katika chakula. Kwamba asiyekula samaki wala mayai huipata kwa taabu. Na kwamba wengi wetu, kwa kuishi ghorofani na kushinda nyuma ya kaunta, hatulioni jua ingawa linatuwakia Dar es Salaam mwaka mzima. Yote hayo yalikuwa kweli. Hatukuandika kiasi. Tulisema moyoni kwamba kiasi ni kazi ya daktari.

Miezi michache baadaye, Ba mmoja wa jumuiya yetu, ambaye familia yake imeturidhia tusimulie bila kumtaja, alianza kushikwa na kiu isiyokatika. Aliamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Akafunga choo, akachukia chakula, akawa anatapika. Wajukuu walidhani ni kisukari, lakini kipimo kikaonyesha sukari yake ni sawa. Alipoanza kusahau majina yao na kulala mchana kutwa, wakadhani ni uzee. Hospitalini damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imepanda mno na figo zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Ndipo daktari alipouliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: mama anatumia nini ambacho hakuandikiwa hapa? Mkwewe akatoa mkobani boksi la vipakiti vya unga ulioletwa na ndugu kutoka Gujarat. Kila kipakiti kilikuwa na yuniti 60,000 za vitamini D. Ba alikuwa akinywa kimoja kila asubuhi kwa maziwa, kwa zaidi ya miezi miwili. Alianza, walisema, baada ya kuisoma karatasi yetu.

Vipakiti vile si sumu, wala si dawa ya bandia. Huko India ni dawa ya kila siku madukani, na daktari humwandikia mgonjwa mwenye upungufu anywe kimoja kwa wiki, aghalabu kwa wiki nane, kisha apunguze. Kosa lote lilikuwa katika neno moja: "wiki" lilisomwa "siku". Hebu tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku. Aliyevuka miaka 70, yuniti 800. Kikomo ambacho mtu mzima asikivuke kwa siku bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000. Ba alikuwa akinywa mara 15 ya kikomo hicho. Sisi tulioizoea lugha ya laki na milioni sokoni tunaisikia elfu sitini kama tarakimu ya kawaida, na pengine hapo ndipo tunapopotea. Zipo hata sindano za yuniti laki sita, na wapo watu wanaochomwa bila kupimwa kwanza.

Watu wengi wametuuliza inakuwaje vitamini imdhuru mtu. Vitamini C ikizidi, sehemu kubwa hutoka na mkojo. Vitamini D haifuati njia hiyo. Huyeyuka katika mafuta na kujihifadhi katika mafuta ya mwili. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, na ikizidi huufanya utumbo unyonye kalsiamu kupita kiasi na mifupa yenyewe iachie kalsiamu yake iingie katika damu. Dawa tuliyoinywa kwa ajili ya mifupa inageuka kuibomoa. Figo hujitahidi kuitoa kalsiamu hiyo pamoja na maji mengi, ndiyo sababu ya kiu na ya haja ndogo isiyokwisha. Mwili ukakauka, na mawe yakaweza kujijenga katika figo. Kuacha kunywa hakumalizi mambo siku hiyohiyo, kwa kuwa akiba iliyomo katika mafuta huendelea kutoka kwa wiki nyingi, hata miezi. Ba alitiwa maji ya mishipani, akakatazwa vidonge vyote vya kalsiamu, akapimwa damu tena na tena. Amepona akili na hamu ya chakula. Figo zake hazikurudi zote.

Jua halina hatari hii. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha, jua lilelile huivunja ile ya ziada. Haijapata kusikika mtu aliyedhurika kwa vitamini D iliyotoka juani, ingawa ngozi yenyewe yaweza kuungua. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huchukua muda mrefu zaidi kuitengeneza, na kioo cha dirisha huizuia miale inayohusika. Kuota jua ndani ya gari au nyuma ya dirisha la sebuleni hakusaidii.

Je, basi, tuitupe vitamini D? Hasha. Wengi wetu tuna ndugu Leicester na London, waliokwenda huko kutoka Uganda mwaka 1972 au kabla yake na baada yake. Kabla hata ya wao kufika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Glasgow walikuwa wamekwisha kuona matege kwa watoto wa familia zilizotoka Bara Hindi, ugonjwa ambao Waingereza walidhani wameuaga. Uhaba wa jua na aina ya chakula ndio uliowaponza, na vitamini D ndiyo iliyosaidia. Leo serikali ya Uingereza inashauri yuniti 400 kwa siku majira ya baridi, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wanaojifunika wanapotoka nje. Lakini Uingereza hiyohiyo, katika miaka ya 1950, iliona watoto wachanga wakiugua kwa kalsiamu kuzidi katika damu, wakati maziwa ya unga na vyakula vya watoto vilipotiwa vitamini D kwa wingi. Kiasi kikapunguzwa mwaka 1957. Nchi moja imeonja pande zote mbili ndani ya miaka michache.

Wala msidhani dozi kubwa ya mara moja ni njia ya mkato. Huko Australia wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kila mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopewa vitamini walianguka zaidi na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wasiopewa. Na wale wanaoinywa ili kujikinga na saratani au ugonjwa wa moyo wajue kwamba uchunguzi mkubwa wa Marekani, wa watu 25,871, haukuona kinga hiyo kwa yuniti 2,000 kwa siku. Mwenye upungufu hunufaika. Asiyekuwa nao hapati ziada ya maana.

Akina mama wametuuliza pia kuhusu asili ya vidonge hivi, na ni haki yao. Vitamini D3 kwa kawaida hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, ambaye hachinjwi kwa ajili hiyo. Nyingine hutoka katika maini ya samaki. D2 hutengenezwa kutokana na hamira au uyoga. Ganda laini la kidonge mara nyingi ni jelatini, inayotoka katika ngozi na mifupa ya wanyama. Asiyetaka amwulize mfamasia, naye atamtafutia cha unga au kisicho na ganda hilo.

Wazazi wa watoto wachanga tunawasihi kwa mkazo wa pekee. Kiasi chao ni yuniti 400 kwa siku, na matone yanayouzwa hayalingani: katika chupa moja kiasi hicho ni tone moja, katika nyingine ni mrija uliojaa hadi alama. Anayebadilisha chupa asitumie mazoea ya ile ya zamani. Kwenye boksi tazameni herufi IU, ambazo ndizo yuniti. Pakiandikwa mikrogramu, zidisheni kwa 40, hivyo mikrogramu 10 ni yuniti 400. Kisha jumlisheni vyote mnavyotumia, kwa maana vitamini D imo pia katika vidonge vya kalsiamu, katika vile vya vitamini mchanganyiko, na katika baadhi ya maziwa ya unga. Na mwenye mawe ya figo, au figo dhaifu, au kifua kikuu, au anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza, asianze kabla ya kumwona daktari.

Karatasi ya mwaka jana tumeiondoa. Mpya imechapwa kwa Kiswahili na Kigujarati, na kiasi kimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko neno lolote jingine. Kila Jumapili ya mwezi huu, baada ya aarti ya asubuhi, wanakamati wawili pamoja na mfamasia watakaa kwenye meza iliyo kando ya rafu ya viatu. Leteni maboksi yenu yote, ya hapa na ya kuletwa kutoka India au Uingereza, hata yale yaliyosahaulika nyuma ya kabati. Majirani nanyi mkaribie. Huhitaji kuingia hekaluni ili kufika kwenye meza ile. Hakuna malipo, na hakuna atakayekaripiwa.