Meza ya Jikoni: Tuchague kwa Kazi Yake, Si kwa Kung'aa Kwake

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Diani, Msambweni na Kwale)

 

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi zetu. Mwanachama akipata zamu yake ya mchango, akishaezeka bati na kutia sakafu, anafikiria jikoni. Amechoka kuinama siku nzima. Anataka meza ya kujengwa, ile ambayo wengine huiita kaunta, apate kukatia mboga, kukandia unga na kupangia sufuria akiwa amesimama. Hapo ndipo swali linapokuja: juu yake tuweke nini? Saruji? Taili? Mbao? Mawe ya Mazeras? Au yale mawe ya kung'aa tunayoyaona katika hoteli za Diani?

Jibu letu ni fupi. Chagua kitu kitakachostahimili kazi ya jikoni kwako, unachoweza kukiosha kila siku, na ambacho kikiharibika fundi wa hapa kijijini anaweza kukitengeneza. Pesa za kikundi hazirudi mara mbili. Meza ikipasuka mwaka wa pili, zamu yako imekwisha na deni limebaki.

Kwanza, tujue kazi yenyewe

Ebu tuhesabu mambo yanayofanyika jikoni kwetu. Samaki anaparwa magamba. Tui linamwagika. Ndimu na ukwaju vinakamuliwa. Manjano yanasagwa. Sufuria inatolewa motoni na kuwekwa pale pale, bila kuuliza. Kukuna nazi kutabaki chini, kwa sababu mbuzi ni ya kukalia, na kinu nacho kitabaki chini. Kwa hiyo usijenge meza ndefu ya kujaza chumba. Acha nafasi ya mbuzi na kinu.

Halafu, nani apimwe? Mara nyingi baba na fundi wanasimama jikoni, wanakubaliana urefu, na anayepika hakuulizwa. Hilo si jambo dogo, maana mgongo utakaouma ni wa mpikaji. Mwite asimame, akunje mkono. Uso wa meza uwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi hiyo inakuwa kama sentimita 85 au 90 kutoka sakafuni. Upana wa sentimita 60 unatosha. Ukizidi hapo hufikii ukutani kupangusa.

Saruji ya kusuguliwa

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Slabu ya mita 2 kwa sentimita 60, unene wa sentimita 7 na nusu, pamoja na plasta ya sentimita 2 juu yake, haizidi mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kuta za kuibeba ni hesabu nyingine. Zege liwe karai 1 ya saruji, karai 2 za mchanga, karai 4 za kokoto. Plasta iwe 1 kwa 3, kisha ipigwe niru na kusuguliwa kwa mwiko mpaka iwe laini.

Lakini hapa pwani tuna adui, naye ni chumvi. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, na visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ukichanganya hivyo katika zege lenye vyuma, chuma kinashika kutu ndani kwa ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi zege linapasuka na kubanduka vipande kutoka chini. Wala hutaona mpaka siku ya kuangukiwa na ungo. Tumia mchanga wa mto na maji baridi yasiyo na chumvi. Vyuma vikae upande wa chini wa slabu, lakini vifunikwe na zege la sentimita 2 na nusu. Ukimaliza kumwaga, funika kwa magunia na uyanyunyizie maji siku 7. Fundi akisema siku mbili zinatosha, mwambie wewe ndiye utakayeishi nayo. Zege huendelea kukaza, na nguvu zake hupimwa siku ya 28.

Kama mchanga wa mto haupatikani, jenga bila vyuma. Mnaijua baraza ya nje ya nyumba. Jenga kama hiyo jikoni: mawe pembeni, kifusi kilichoshindiliwa ndani, na plasta juu. Unapoteza nafasi ya kuweka vyombo chini, lakini hakuna chuma cha kushika kutu.

Na wenye nyumba za udongo na fito, slabu isiingizwe ukutani. Isimame kwa miguu yake yenyewe.

Udhaifu wa saruji ni ndimu, siki na ukwaju, ambavyo huila taratibu na kuacha uso mkwaruzo. Dawa yake ni kibao cha kukatia na kitambaa cha kupangusa. Baada ya miaka, ikichakaa, unapiga niru upya.

Mawe yetu

Tofali za mawe tunazojengea Diani na Tiwi ni matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari ilipoteremka. Msikiti wa Kongo pale Diani umejengwa kwa mawe ya namna hiyo na umesimama karne nyingi. Kwa kuta za kubeba meza yanafaa sana. Kwa uso wa meza hayafai, maana yana matundu. Mafuta na maji ya samaki yanaingia, hayatoki. Wala tusichukue matumbawe ya baharini, maana hayo ndiyo nyumba ya samaki.

Mazeras ni jiwe la mchanga, bapa na gumu. Galana nalo ni bapa. Yote mawili hunywa mafuta yasipopakwa dawa ya kuziba, na yana mabonde madogo yanayoshika uchafu. Ukilitaka, chagua vipande vilivyolainishwa.

Marumaru halisi inapendeza, lakini ndimu huiharibu kama saruji. Graniti haijali ndimu, lakini bei yake inaweza kumaliza zamu nzima ya mtu. Usiamini maneno ya duka. Omba kipande kilichobaki, nenda nacho nyumbani, tia ndimu, manjano na mafuta, lala, asubuhi uoshe. Alama ikibaki, umepata jibu bila kulipa.

Taili

Taili yenyewe ni nzuri, inaoshwa upesi na haijali ndimu. Shida iko kwenye maungio, ndiko uchafu unakojificha. Vipande vya taili zilizovunjika hupatikana kwa bei ndogo, lakini kila kipande kinaongeza maungio. Afadhali taili kubwa chache, zikae juu ya slabu iliyokauka vizuri, na maungio yajazwe barabara.

Mbao

Mbao ni nzuri kwa kukandia chapati, na haivunji vyombo. Lakini maji na mchwa wanaipenda kama sisi. Ukitumia mnazi, chukua mbao ya pembeni ya shina, upande wa chini wa mti. Huko ndiko kugumu. Ya katikati ni laini na huoza upesi. Zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi huvimba zikilowa, basi ziwe mbali na ndoo ya maji. Na miti isitoke kayani. Kaya Kinondo na kaya nyingine za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini sisi tulikatazwa kukata humo na wazee wetu kabla ya hapo. Mikoko ya Gazi nayo inalindwa na wananchi wenyewe chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013.

Vijana, vumbi hilo!

Hapa tunaomba msikilize sana. Vijana wetu wanakata mawe kwa mashine, vumbi jeupe kichwa kizima, leso puani. Jiwe la mchanga kama Mazeras, na graniti pia, vina silika. Vumbi lake ni jembamba kuliko unga, linaingia mpaka mwisho wa mapafu na kukaa humo. Linaleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Australia ilipiga marufuku mawe ya kaunta yanayotengenezwa kiwandani kwa unga wa kwatzi na gundi kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu wakataji, hata vijana, walikuwa wakiugua. Leso haizuii vumbi hilo. Kata nje, mwaga maji jiwe lilowe wakati wa kukata, na vaa barakoa ya kazi hiyo. Mwenye nyumba naye aseme: sitaki jiwe langu likatwe kavu. Meza yako isimgharimu mtoto wa jirani pumzi yake.

Usafi

Meza nzuri haioshi yenyewe. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafundisho matano ya chakula salama, na moja ni kutenganisha chakula kibichi na kilichopikwa. Basi upande mmoja uwe wa samaki na nyama mbichi, na mwingine wa chakula kilicho tayari. Mwambie fundi ainamishe meza kidogo, sentimita 1 kwa kila mita, maji yaelekee upande wa samaki na kudondokea kwenye ndoo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mchanga wetu unatoka wapi? Nani ataukagua kabla ya kazi kuanza?
2. Je, tunaweza kununua saruji na kokoto pamoja, tujenge meza tatu kwa mpigo?
3. Katika nyumba zetu, nani huamua jikoni pajengwe vipi?
4. Nani kati yetu ana kijana anayekata mawe? Tumemwambia nini?

Anzeni na nyumba moja. Mjenge pamoja, muitumie miezi sita, kisha wote mwende kuitazama kabla ya kujenga ya pili.