Bweta la Kumbukumbu: Unyevu, Mwelekeo wa Nyuzi na Umaliziaji katika Useremala wa Pwani

Mada hii inahusu utengenezaji na umaliziaji wa bweta, yaani kisanduku kidogo cha mbao chenye kifuniko ambamo watu huhifadhi vitu vya thamani na vya kumbukumbu, kama vile pete, barua, tasbihi, picha za wazazi au kipande cha kanga ya bibi aliyefariki. Hoja yake ni kwamba uhai wa bweta huamuliwa na mambo mawili ambayo mnunuzi hayaoni dukani: kiasi cha unyevu kilichobaki ndani ya mbao siku inapoungwa, na nafasi ambayo fundi ameiachia mbao hiyo ya kutanuka na kusinyaa. Nakshi, ambayo ndiyo humvuta mnunuzi na ndiyo hutawala mazungumzo yote kuhusu ufundi wa pwani, huja baada ya hayo mawili, na pale inapotangulizwa mbele yake, kazi nzuri ya mikono huishia kupasuka mikononi mwa mwenyewe.

Katika nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa bweta lina ukoo na kasha, sanduku kubwa lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, ambalo bibi harusi aliwekewa nguo, dhahabu na manukato. Mengi ya makasha ya karne ya 19 yalitengenezwa India na kuletwa kwa majahazi, na aghalabu yalikuwa ya msaji, mti ambao mbao yake ina mafuta ya asili, hustahimili wadudu na haichezi sana hali ya hewa inapobadilika. Upande mmoja wa ndani mlijengwa kijisanduku chenye kifuniko chake kwa ajili ya vitu vidogo, na chini kasha liliwekewa miguu ili lisinyonye unyevu wa sakafu. Ni muhimu kutambua kwamba waliotengeneza makasha hayo walianza kwa kuchagua mti na kujua tabia yake, na shaba iligongwa juu ya sanduku ambalo tayari lilikuwa imara.

Fundi wa leo wa Afrika Mashariki ana miti yake mwenyewe ya kuchagua. Mninga, unaoota katika misitu ya miombo, una sifa moja inayoufaa bweta kuliko uzuri wa rangi yake ya hudhurungi: husinyaa kidogo sana unapokauka, kwa hiyo kifuniko chake hubaki kimenyooka. Mvule hustahimili mchwa, lakini mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani ya shina, ambayo hung'oa makali ya randa bila taarifa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, hivyo anayeupiga msasa hana budi kufunika pua na mdomo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na katika bweta unafaa zaidi kwa vitu vidogo kama kishikio au ukanda wa pambo. Aidha, tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ambayo mpingo ni mmojawapo imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na muuzaji anayewahudumia wasafiri anapaswa kuzijua taratibu zake.

Suala la unyevu linahitaji maelezo ya kina. Mbao ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba zilizolala kufuata urefu wa shina, na nyuzi hizo hunywa na kutoa maji kulingana na hewa inayozizunguka hadi zifikie kiwango cha kutulia. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida mwambaoni, mbao hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu, ilhali katika chumba cha Ulaya kilichopashwa moto wakati wa baridi, ambamo unyevu wa hewa hushuka hadi asilimia 30, hutulia kwenye asilimia 6 hivi. Mabadiliko hayo karibu hayagusi urefu wa ubao kabisa. Huugusa upana wake. Ukichukuliwa ubao wa upana wa milimita 200, wa mti ambao kutoka ubichi hadi ukavu kamili husinyaa kwa asilimia 6, safari hiyo ya kutoka asilimia 16 hadi 6 itaupunguza upana kwa takriban milimita 4. Kifuniko kilichogongwa misumari pande zote hakina mahali pa kuzitoa milimita hizo isipokuwa kwa kupasuka, na hii ndiyo sababu ya ufa unaoonekana katikati ya vifuniko vingi vilivyonunuliwa mwambaoni na kupelekwa mbali. Dodoma wakati wa kiangazi inatosha kuleta madhara ya aina hiyo, ingawa kwa kadiri ndogo zaidi.

Tiba ya kwanza ni subira. Mbao zilizopasuliwa hupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite kati yake, na ncha zake hupakwa rangi au nta kwa kuwa ndizo zinazokauka haraka na kuanza kupasuka. Fundi asiye na kipima unyevu anaweza kuchagua ubao mmoja, akaupima kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito wake. Uzito utakapoacha kupungua, mbao imetulia kwa hewa ya mahali hapo. Mizani ya duka inatosha kabisa, na inasikitisha kwamba kipimo rahisi namna hii hakifanyiki katika karakana nyingi kwa sababu tu oda inasubiri.

Tiba ya pili imo katika muundo wenyewe. Kuta nne za bweta hukatwa ili nyuzi zake zilizunguke sanduku kwa mlalo, ukuta hadi ukuta, hivyo zote hutanuka na kusinyaa pamoja kwa kimo bila kuvutana. Kwenye kona, kiungo bora ni cha meno yanayopanuka kuelekea nchani, ambayo yakishaingia katika matundu yake hayawezi kuchomolewa kwa upande mmoja hata gundi ikichoka. Meno huchorwa kwa ncha ya kisu, maana mstari wa penseli una unene wake na unene huo huonekana baadaye kama mwanya, kisha hukatwa kwa msumeno mwembamba upande wa taka wa mstari na kusafishwa kwa patasi kutoka pande zote mbili kukutana katikati. Kitako na paneli ya kifuniko havigundishwi. Kila kimoja huingizwa kwenye mfuo, yaani mfereji mwembamba uliochimbwa ndani ya kuta au ya fremu ya kifuniko, na kuachiwa nafasi ya milimita 2 hivi kila upande. Paneli ya kifuniko inapaswa kupakwa mafuta au shelaki (aina ya vanishi) kabla ya kuingizwa, la sivyo siku itakaposinyaa itatoa ukanda mweupe usiopakwa kitu.

Nakshi, iwe ya maua, ya mnyororo au ya njumu, yaani mapambo ya madini yaliyopachikwa ndani ya mbao, ichorwe kwa kuzingatia unene wa ukuta. Ukuta wa milimita 12 hauvumilii mchongo wa milimita 6 karibu na kiungo.

Umaliziaji ndio hatua inayodhulumiwa zaidi, kwa sababu huja wakati fundi amechoka na mteja ameshaanza kupiga simu. Alama za randa huondolewa kwa msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, daima kufuata nyuzi, na kila namba ifute mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Baada ya hapo mbao hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikikauka, uso uliokuwa laini utakuta umekuwa na vinyweleo, kwa kuwa maji yameziamsha nyuzi zilizolazwa na msasa. Vinyweleo hivyo hukatwa kwa msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, na hatua hii ikirukwa, vitaamshwa na vanishi yenyewe na kubaki vimegandishwa humo.

Kuhusu mafuta, ni lazima yatofautishwe yanayokauka na yasiyokauka. Mafuta ya nazi hung'arisha mbao kwa siku chache, lakini hayagandi. Hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Mafuta ya kitani, kinyume chake, huungana na hewa na kuwa utando mgumu, mradi yapakwe kidogo kidogo na ziada ifutwe. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke au yazamishwe majini, kwani yakirundikwa hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Juu ya mafuta yaliyokauka hupakwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, ambayo huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Tabora hutoa mninga na nta kutoka misitu ileile, na bweta linalotumia vyote viwili lina haki ya kuuzwa kwa kulitaja hilo. Upande wa chini wa kifuniko upakwe sawa na wa juu, la sivyo upande mmoja utakunywa unyevu zaidi kuliko mwingine na kifuniko kitapinda.

Ndani ya bweta, ukiacha kifuniko, mafuta hayafai, kwa kuwa harufu yake hufungiwa humo na huweza kuchafua barua na nguo. Panatosha shelaki nyembamba, au mbao tupu iliyosuguliwa vizuri. Bawaba ziwe za shaba, maana chuma hupata kutu kwa hewa ya bahari na huacha madoa meusi kwenye mbao zenye tanini. Kwa vile skrubu za shaba ni laini na hukatika kichwa, tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, hupitishwa skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho ili kuchonga njia, kisha ile ya shaba hupakwa nta na kuingizwa kwa bisibisi ya mkono. Muuzaji naye amweleze mnunuzi kwamba mwanya mwembamba kandokando ya paneli umeachwa makusudi, na kwamba usizibwe kwa gundi.