Shule ya Mkataba: Mwalimu, Mzazi na Mtoto Wote Watia Sahihi

(Haya ni maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika kikao cha wazazi. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Mlituomba tuzungumze juu ya zile shule za mijini kule Marekani zinazoitwa charter. Baadhi yenu mna ndugu walioko huko, na wakipiga simu wanazitaja. Wengine mmesikia ati ni shule za bure ambazo zinashinda zile za kulipa. Tutawaeleza tunavyofahamu, na tutakaa zaidi kwa mambo ya mzazi na mtoto, kwa maana huko ndiko kwenye kazi.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Charter ni mkataba. Shule ni ya umma, inaendeshwa kwa pesa za kodi, na mzazi halipi karo. Lakini haiko chini ya ofisi ya elimu ya wilaya kama shule nyingine. Ina kamati yake, na kamati hiyo imepewa mkataba wa miaka kadhaa, mara nyingi mitano. Inajichagulia walimu, inajipangia saa, inafundisha kwa njia yake. Ikishindwa kazi, mkataba haufanywi upya na shule inafungwa. Kwa hivyo si shule ya harambee, kwa sababu hakuna wanakijiji waliochanga mawe na mabati. Wala si akademia, kwa sababu hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jimbo la kwanza kupitisha sheria hiyo lilikuwa Minnesota, mwaka wa 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka wa 1992. Siku hizi shule hizo ni zaidi ya 7,000, na watoto walio ndani yake ni zaidi ya milioni 3.

Leo tutasema juu ya zile za katikati tu, yaani gredi ya tano mpaka ya nane, watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne. Nyinyi ambao mna watoto katika Junior School tangu ilipoanza mwaka wa 2023 mnaijua hiyo miaka. Sauti inavunjika, viatu vinakuwa vidogo kila muhula, na mtoto anaanza kujibu kwa neno moja.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana, shule za KIPP. Mwaka wa 1994, mjini Houston, walimu wawili vijana, Mike Feinberg na Dave Levin, walianza na darasa moja la gredi ya tano, watoto wapatao hamsini. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji waliotoka Mexico na Amerika ya Kati, na nyumbani hawakuzungumza Kiingereza. Mwaka uliofuata Feinberg alibaki Houston, naye Levin akaenda kufungua shule kule South Bronx, mjini New York. Vijana hawa hawakujua kufundisha walipoanza kazi. Aliyewafundisha ni mama mmoja Mwafrika Mmarekani, Harriett Ball, mwalimu mzoefu wa Houston, ambaye aliimbisha watoto hesabu za kuzidisha huku wakipiga makofi na kugonga madawati. Sisi tunapenda kumtaja kwa sababu sifa nyingi ziliwaendea wale vijana, na mama huyu alifariki mwaka wa 2011 bila watu wengi kumjua.

Sasa, mkataba wenyewe. Mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto jioni, akakaa kwenye kiti au kitandani, akatoa karatasi. Karatasi ilikuwa na sehemu tatu: mwalimu anaahidi nini, mzazi anaahidi nini, mtoto anaahidi nini. Wote watatu wakatia sahihi. Ahadi hazikuwa za maneno mazuri tu. Mtoto afike saa moja unusu asubuhi na atoke saa kumi na moja jioni. Aje shuleni Jumamosi asubuhi. Aje majuma matatu wakati wa likizo ndefu. Mzazi aangalie kazi ya nyumbani kila usiku. Mwalimu naye atoe namba yake ya simu, mtoto akikwama na hesabu saa mbili usiku ampigie.

Mwandishi Jay Mathews, katika kitabu chake cha mwaka wa 2009, anasimulia habari ya msichana mmoja ambaye hakuwa akimaliza kazi yake kwa sababu ya televisheni. Feinberg alienda kwao akamwambia mama achague, televisheni au nafasi ya mtoto shuleni. Mama akakubali iondoke, na mwalimu akaibeba televisheni mpaka kwa gari lake. Hebu fikirini mwalimu wa kwenu akitoka mlangoni na televisheni ya nyumba! Wengine kati yetu tulicheka tuliposoma hayo, na wengine tulikasirika. Hata leo hatujakubaliana. Jambo moja ni wazi: mama yule hakuibiwa. Aliulizwa, akajibu, na mtoto aliona mama na mwalimu wakisimama upande mmoja.

Kwa mzazi anayefanya kazi mbili, kama kusafisha ofisi usiku na kupika hotelini mchana, zile saa ndefu zilikuwa msaada mkubwa. Mtoto hakuzurura barabarani kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Lakini kuna upande wa mtoto pia. Anaamka gizani, anapanda basi, anarudi gizani wakati wa baridi, na bado ana kazi ya saa mbili ya kuandika. Watoto wa jirani wanacheza mpira yeye akipita na begi. Mdogo wake amelala tayari.

Na nidhamu ilikuwa kali. Kila juma mtoto alipata kitu kama hati ya mshahara, yenye alama za kazi yake na mwenendo wake. Kwa alama hizo aliweza kununua kalamu na fulana katika duka la shule, na wenye alama za kutosha walikwenda safari mwisho wa mwaka. Aliyekosa alitengwa. Kwa siku kadhaa hakuruhusiwa kuongea na wenzake wala kula nao. Mtoto alifundishwa hata jinsi ya kukaa: mgongo wima, macho kwa anayesema. Wako watoto waliosema baadaye kwamba utaratibu huo uliwatuliza, kwa sababu katika shule waliyotoka kelele ilikuwa haiishi. Wako wengine waliosema walijisikia kama wafungwa. Sisi tunaona kumnyima mtoto wa miaka kumi na mmoja maneno ya wenzake kwa siku kadhaa ni adhabu nzito kuliko kosa la kusahau daftari.

Je, walisoma? Ndiyo, walisoma, na hapa hatutaki kuzunguka. Mwaka wa 2013 shirika la utafiti la Mathematica lilitoa ripoti juu ya shule 43 za katikati za KIPP. Baada ya miaka mitatu, watoto walikuwa wamewazidi wenzao wanaofanana nao kwa kiasi cha miezi 11 ya masomo katika hesabu, na miezi 8 katika kusoma. Hayo si mambo madogo.

Lakini hesabu nyingine ni ya wale walioondoka. Watafiti wa SRI walichungulia shule nne za KIPP karibu na San Francisco, wakatoa ripoti mwaka wa 2008. Kati ya watoto 100 walioingia gredi ya tano mwaka wa 2003, 60 hawakumaliza gredi ya nane hapo. Wengine walihama na wazazi, wengine walichoka, na walioondoka zaidi ni wale waliokuwa nyuma kimasomo. Utafiti uliotazama miji mingi zaidi ulisema kwamba kwa wastani hali haikuwa mbaya kuliko shule za jirani. Haya, tukubali. Lakini mzazi hampeleki mtoto kwa wastani. Anampeleka katika shule moja, yenye mlango mmoja, na inafaa aulize pale: walioingia walikuwa wangapi, na waliobaki ni wangapi?

Jambo lililotugusa sana ni la chuo kikuu. Tangu siku ya kwanza watoto hawa waliambiwa watakwenda chuo, na darasa likaitwa kwa mwaka ambao lingeingia chuo. Mwaka wa 2011 KIPP wenyewe walihesabu wale wa kwanza, waliomaliza gredi ya nane miaka kumi au zaidi iliyokuwa imepita. Waliopata digrii ya miaka minne walikuwa 33 kwa 100. Kwa watoto wa familia maskini nchini mwote ilikuwa kama 8 kwa 100, kwa hivyo ni mara nne. Lakini wao walikuwa wanataka 75. Kijana alifika chuoni, pesa zikapungua, hakuna jamaa aliyewahi kukaa chuoni wa kumshauri, na yule mwalimu wa kupigiwa simu usiku hayuko. Tunawasifu kwa kuitangaza hesabu hiyo wenyewe. Wangeweza kuificha. Walikuwa wameshaanza kufungua shule za upili na za msingi, na kuweka washauri wa kuwafuata vijana mpaka vyuoni. Mwaka wa 2020 waliacha pia wito wao wa zamani uliowaambia watoto wafanye bidii na wawe wema. Walisema wito huo hauendani na kazi ya kupambana na ubaguzi wa rangi.

Mwishoni mama mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: ikiwa ni bure na ni nzuri, si wote wataingia? Nafasi hazitoshi, mama. Waombaji wakizidi nafasi, shule inapiga kura, jinsi vikundi vyetu vinavyookota vikaratasi kujua nani apokee pesa kwanza. Tofauti ni kwamba katika kikundi kila mtu atapata siku yake. Kule, sinema ya mwaka wa 2010 iitwayo Waiting for "Superman" ilionyesha familia zikiwa ukumbini, mzazi ameshika namba mkononi, mtoto pembeni yake, namba za wengine zikisomwa. Aliye na ndugu tayari katika shule mara nyingi hutangulizwa.

Aliyekosa anaandikwa katika orodha ya kungoja na kurudi shule ya mtaa. Pesa za serikali, nyingi yake, zinamfuata mtoto aliyepata, kwa hivyo shule ya mtaa inabaki na jengo lile lile na mafuta yale yale ya kupasha joto, na pesa kidogo. Mjini New York mara nyingine shule hizo mbili ziko katika jengo moja, hii ghorofa ya juu, ile ya chini, na watoto wanapishana kwa ngazi wakiwa na sare tofauti. Ni jambo moja lililofanya wapiga kura wa Massachusetts, mwaka wa 2016, wakatae kuongeza shule za mkataba, 62 kwa 100 wakisema hapana.

Mama akauliza tena kama yule wa orodha huitwa mwingine akiondoka. Huitwa, mara nyingi mwaka wa kwanza au wa pili. Ikifika gredi ya saba na ya nane, ziko shule ambazo hazijazi tena kiti kilichoachwa.