Hotuba juu ya Shule ya Kabaa, Iliyohamia Mang'u



Tumeombwa tuseme habari za shule moja kubwa ya Wakatoliki, nasi tumechagua ile ya Mang'u katika nchi ya Kenya. Tumeichagua kwa kuwa mambo yake yamejulikana sana, na tena kwa kuwa ndani yake mna jambo moja linalowahusu Machifu na wazazi kuliko linavyowahusu mapadre. Jambo lenyewe ni karo. Watu wakiitaja shule hii huhesabu wakubwa waliotoka humo. Sisi twataka kumtaja pia mmoja aliyeondoka kabla ya kumaliza masomo, na sababu iliyomwondoa.

Kwanza tueleze asili yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka wa 1868, kisha wakapanda bara, na mwaka wa 1899, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi, wakajenga misheni ya Mtakatifu Austin karibu na mji huo. Shule zao za mwanzo zilikuwa za katekisimu, kusoma na kuandika kidogo, na kazi za mikono. Masetla wengi wa zama hizo walipenda Mwafrika ajue randa na mwiko kuliko kalamu. Lakini mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka nchi zetu ikitazama shule, na mwaka wa 1925 serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa kushirikiana na misheni katika kazi ya elimu, misheni zipewe fedha na serikali izikague shule. Mwaka huo huo wa 1925, Padre Michael Witte akaanzisha shule ya juu mahali paitwapo Kabaa, katika nchi ya Wakamba, upande wa Machakos. Mwaka uliofuata misheni za Kiprotestanti nazo zikafungua shule yao ya Alliance huko Kikuyu. Ikawa kila upande una shule yake kuu, na ushindani wa shule hizo mbili haujaisha hata leo.

Yafaa mjue kwamba katika Wakatoliki wenyewe si wote waliopenda mambo haya. Padre aliyekuja kubatiza na kuzika aliona ni mzigo kugeuka mwalimu wa hesabu. Mwaka wa 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Baba Mtakatifu kutazama misheni katika nchi za Afrika zilizo chini ya Waingereza, aliwakusanya maaskofu Dar es Salaam, akawaambia neno ambalo wengi hawakulitazamia: kwamba pale isipowezekana kufanya kazi zote mbili, waache kwanza makanisa, wazitengeneze shule. Mmisheni kuambiwa aliache kanisa lingoje! Lakini aliona mbali, kwa maana asiyekuwa na shule angepotewa na vijana wote.

Kabaa ni nchi ya jua na mvua chache. Tom Mboya, aliyepelekwa shule huko akiwa mtoto wa umri wa kama miaka 9, alisimulia baadaye jinsi walivyojifunza kuandika: hapakuwa na karatasi wala vibao vya kuandikia, wakaketi chini ya mti, wakaandika kwa kidole mchangani. Mwalimu akiisha kutazama, mchanga husawazishwa, na somo jipya huandikwa palepale. Enyi waalimu, fikirini maana yake. Mtoto wa namna hiyo hana daftari la kurudia jioni. Lile asilolitia kichwani limekwisha kufutwa.

Ama maisha ya kila siku katika shule za bweni za misheni zama hizo, hayakutofautiana sana mahali na mahali. Kengele hulia kabla ya mapambazuko. Wavulana huenda kuoga maji ya baridi, kisha Misa, kisha kufagia na kazi ya shamba, ndipo uji. Baada ya uji ni darasa mpaka mchana, na chakula cha mchana ni mahindi na maharagwe, na kesho mahindi na maharagwe. Alasiri jembe tena, au mpira, na usiku kusoma kwa taa mpaka kengele ya kunyamaza. Mwai Kibaki, kabla hajafika Mang'u, alisoma Mathari huko Nyeri kuanzia mwaka wa 1944 hata 1946, nayo ni shule ya Wakatoliki vilevile. Huko alijifunza useremala na uashi, kwa kuwa wanafunzi wenyewe ndio waliotengeneza viti na meza na majengo ya shule, na kila mmoja alilima chakula chake. Kwa hiyo msidhani kwamba mtoto aliyekwenda shule aliliacha jembe nyumbani.

Lipo na jambo ambalo hatulisifu. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenziwe akikosa vilevile, ampe. Kiingereza kilijulikana, ni kweli, lakini watoto walifundishwa pia kupelelezana.

Mnamo mwaka wa 1940 shule ya juu iliondolewa Kabaa, ikapelekwa Mang'u, upande wa Kiambu, si mbali na Thika, mahali penye maji na udongo mzuri, ambapo mapadre walikuwa na misheni tangu zamani. Ikaitwa Holy Ghost College, yaani Chuo cha Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1970 ikahama tena, ikakaa karibu na barabara iendayo Garissa, ndipo ilipo hata sasa, na siku hizi wavulana hufundishwa humo hata elimu ya ndege. Neno la shule ni la Kiswahili: Jishinde Ushinde. Shule nyingi za Wakatoliki zilijichagulia maneno ya Kilatini. Wavulana wa Mang'u walikuwa Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na wengineo, na neno lao likawa katika lugha ambayo karibu hapana mmoja wao aliyenyonya nayo, bali wote waliifahamu.

Sasa tutaje watu watatu. Wa kwanza ni Maurice Otunga, aliyezaliwa mwaka wa 1923 upande wa Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Alisoma Mang'u, akaenda seminari, na kiti cha baba yake akakikataa. Akapata upadre huko Roma mwaka wa 1950, akawa Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka wa 1971, na mwaka wa 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya. Mabwana Machifu mtaona kwamba Chifu aliyempeleka mwanawe shule hakujua atakayerudi nyumbani ni nani.

Wa pili ni Kibaki. Aliingia Mang'u mwaka wa 1947, akamaliza mwaka wa 1950 kwa kupata alama za juu kabisa katika mtihani wa Cambridge. Wakati wa likizo alikuwa utingo wa mabasi ya chama cha Waafrika wa Othaya ili apate fedha. Akaenda Makerere, kisha London, na tangu mwisho wa mwaka 2002 hata 2013 alikuwa Rais wa Kenya.

Wa tatu ni yule Mboya wa mchangani. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge la Kilimambogo. Mtoto alitoka Kabaa akaenda Yala katika nchi ya Wajaluo, kisha akaingia Mang'u mwaka wa 1946. Akafaulu mtihani wa kwanza wa shule ya juu. Ilibaki miaka miwili apate cheti cha Cambridge, lakini fedha za baba hazikutosha, kwa kuwa wadogo zake nao walihitaji karo. Akaondoka. Mwaka wa 1948 akaingia kujifunza kazi ya Bwana Afya, kwa sababu huko mwanafunzi hakulipa, bali alilipwa. Kibaki alikuwa amefika Mang'u mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kwa hiyo wavulana wawili walikuwa chini ya kengele moja. Mmoja akabaki, mmoja akaenda zake, na akili haikuwa sababu.

Mtu aweza kusema: Mboya aliinuka vilevile, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na Waziri, basi amepungukiwa nini? Nasi twajibu kwamba yeye mwenyewe hakulisahau jambo hilo. Mwaka wa 1959 alikusanya nauli kwa marafiki zake wa Marekani, na wanafunzi 81 wakapanda ndege moja kwenda kusoma vyuo vya huko. Safari hizo zikaendelea. Katika walioondoka mwaka wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesomeshwa na Masista wa Loreto huko Limuru, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. (Juu ya shule za wasichana twasema neno moja tu: zilichelewa. Wavulana walikuwa na Kabaa tangu 1925, na shule ile ya Limuru ilianza mwaka wa 1936.) Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Kibaki naye alipopata urais, serikali yake iliondoa karo katika shule za msingi mwezi wa Januari 2003, na watoto wakafurika madarasani hata waalimu wakafundisha nje, chini ya miti. Mwaka wa 2008 serikali ikachukua gharama ya mafundisho katika shule za sekondari pia. Lakini gharama ya bweni, yaani kitanda na chakula, ilibaki kwa mzazi, na shule kama Mang'u ni ya bweni. Kwa hiyo kikwazo kilichomtoa Mboya kimepungua, hakikuondoka.

Hapa ndipo mnapoingia ninyi. Kwa sheria ya mwaka 2003 uliwekwa mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi, na sehemu yake husaidia karo za watoto wa maskini. Mwombaji hujaza fomu, na kwa kawaida fomu hiyo hutakiwa kushuhudiwa na mwalimu mkuu na Chifu, kwamba mtoto huyu ni yatima kweli, au kwamba baba yake hana kitu. Mwalimu anayeahirisha, na Chifu ambaye muhuri wake hauonekani mpaka mtu arudi mara ya tatu, hawajamkatalia mtoto kwa maneno, lakini siku ya mwisho ya kupokea fomu haimngoji mtu. Twawaomba, fomu hizo zisilale mezani. Wala msizitie sahihi kwa jamaa zenu wenye ng'ombe. Maana fedha ni kidogo, na kila anayepewa bila haki amemwondoa mwingine.

Barua za kuitwa shule hutolewa kabla ya muhula kuanza, na ndani yake mna orodha: godoro, blanketi, sanduku, viatu vyeusi, na hesabu ya fedha za muhula wa kwanza. Baba huisoma barua hiyo mara mbili, huikunja, akaitia mfukoni, kisha hutoka kwenda kumtafuta mnunuzi wa mbuzi. Na akirudi, njia yake hupitia kwa Chifu.