Kijana Wetu Akitaka Kuwa Askari Magereza

Mazungumzo na viongozi wa walei, wazazi na vijana wa Kabasa, Bunda



Ndugu zangu viongozi wa jumuiya, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Sikutaka kukubali upesi, maana yako mambo katika kazi ile ambayo mtu huyabeba kimya. Lakini kila linapotoka tangazo la nafasi katika Jeshi la Magereza, nyumba nyingi hapa kwetu hukosa usingizi, na hivi karibuni mzazi mmoja alinijia kuniuliza kama auze ng'ombe wawili, ili mtu aliyeko Dodoma aliingize jina la mwanawe.

Basi nianzie hapo. Nafasi ya askari hailipiwi. Tangazo hudai uraia, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, afya njema na rekodi isiyo na uhalifu, halidai ng'ombe. Anayechukua fedha yako ama ni tapeli, na hutamwona tena, ama ni mla rushwa, na hapo umemfundisha mwanao, kabla hajavaa sare, kwamba mlango wa gereza hufunguliwa kwa fedha. Akifika kazini mahabusu atakapomnong'oneza habari ya noti, atamjibu nini?

Anayechaguliwa hupelekwa mafunzoni. Wengi wetu chuo tunachokitaja ni Kiwira, kule Mbeya; maafisa husomea Ukonga, Dar es Salaam. Kuna kwata, kuna silaha, kuna mbio za alfajiri katika baridi ambayo sisi watu wa ziwani hatukuizoea. Kuna pia darasa la sheria, hasa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Vijana hupenda kusimulia kwata. Mimi nawaambia kwamba kwata huisha, bali daftari la sheria utalihitaji mpaka siku ya kustaafu.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa zilianza mwaka 1955, zikarekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, ambaye mwenyewe alikaa kifungoni miaka 27. Zinataka askari afundishwe kabla ya kuanza kazi, apimwe kwa mitihani, kisha aendelee kufundishwa muda wote wa utumishi. Zinataka ajue mipaka ya kutumia nguvu, huduma ya kwanza, na namna ya kuwalinda watu kwa kuwafahamu. Zasema pia kwamba wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wanawake. Kwa hiyo, akina mama, msidhani kazi hii ni ya watoto wa kiume peke yao.

Kanuni mojawapo naijua kwa uchungu. Hakuna mfungwa anayeruhusiwa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wafungwa wenzake.

Nilipopangiwa kituo changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, tulikuwa askari wachache na watu wengi. Mkubwa wangu wa zamu aliniambia, "Kijana, usijichoshe, waachie manyampara." Manyampara, kwa msiojua, ni wafungwa waliowekwa kuwasimamia wenzao. Usiku mmoja nilisikia kelele chumbani. Nilikuwa na funguo, nami nilijua utaratibu wa kuita msaada. Sikuita. Asubuhi alitolewa kijana mmoja mahabusu, umri wake kama wa hawa walio mlangoni, mkono umevunjika. Mkubwa akaniambia niandike kitabuni kwamba ameanguka bafuni. Nikaandika.

Kijana yule alikuwa hajahukumiwa. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, tena yakataza mateso. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika darasani kwa mwandiko mzuri. Chuoni nilifundishwa kulenga shabaha na kukunja blanketi. Hakuna aliyeniuliza, kwa mfano tu, nitafanya nini siku mkubwa wangu atakaponiamuru niandike uongo. Nadhani somo hilo lingefaa kuwa la kwanza. Na kwa kuwa chuo ni kifupi na nyumba ya wazazi ni ndefu, nyumbani ndipo liwezapo kuanzia.

Wako wanaosema, "Hao ni wahalifu, wacha waisome namba." Wazee wa Mara watakumbuka kwamba mwaka 1958 mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu mabwana wilaya katika gazeti la chama chake. Alichaguliwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Isingalilipwa, angalikabidhiwa kwa askari wa cheo cha chini kabisa, na chakula chake, maji yake na usingizi wake vingalikuwa mikononi mwa kijana yule.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, yumo mlinzi wa gereza la Filipi. Jioni aliwafunga Paulo na Sila miguu katika mkatale. Saa ileile ya usiku, baada ya tetemeko, akawaosha majeraha. Kazi yake haikubadilika, wala hatusomi kwamba aliiacha. Nimehubiriwa habari hii mara nyingi, na kila mara mhubiri husimama kwenye ubatizo wake. Mimi hubaki kwenye yale maji na vidonda.

Sitaki kuwatisha vijana. Nimefanya kazi na askari waliowafundisha wafungwa kusoma barua za wake zao, na fundi seremala aliyewatoa wanafunzi wenye kazi mikononi. Mshahara si mkubwa, nyumba za askari ni finyu, uhamisho huja bila kuulizwa. Mwenye hasira za haraka asiende. Mwenye kupenda kuogopwa asiende pia, hata kama ana cheti kizuri.

Anayetaka kuomba aje nimsaidie kuandika barua, Jumapili baada ya Misa, chini ya mwembe. Aje na vyeti vyake halisi na nakala. Mzazi aje pia, nitamuuliza maswali mawili au matatu juu ya mwanawe. Na yule mwenye ng'ombe wawili, nimemwona yupo. Tafadhali, mzee wangu, tuonane kabla hujaenda mnadani.