Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe, siku ya kutimiza miaka kumi



Tumeombwa kusema maneno machache siku hii ya furaha. Tulipokaa kuyatafuta tuliona ya kwamba sifa za Chama zitasemwa na wengine wajuao kusifu kuliko sisi. Basi tumechagua jambo lisilopendeza sana masikioni, nalo ni hili: katika miaka hii kumi, zaidi ya mara moja tuliokolewa na mtu asiye wa kwetu, aliyetuambia maneno tusiyotaka kuyasikia.

Mtu akaaye siku zote nyumbani mwake haoni tena moshi ulioitia dari weusi. Mgeni huingia, akapiga chafya. Ndiyo maana wazee walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini twaona yafaa kuongeza kwamba mwenyeji anayekificha kidonda chake haponi, hata wageni wajae ua.

Wengi wenu mwaukumbuka msimu wetu wa tatu, kahawa yetu iliposhushwa daraja mnadani. Wote tulisema tumeonewa. Halmashauri ilikaa tangu asubuhi hata alasiri ikizungumza juu ya hila za wanunuzi, na sisi wa ofisini tuliandika barua kali ambayo, twamshukuru Mungu, haikupelekwa kwa sababu gari lilikuwa limeharibika. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Je, wanangu, kahawa hiyo sisi tumeionja?" Hapana aliyejibu. Maana twalima kahawa tangu kwa babu zetu, lakini nyumbani aghalabu twanywa chai.

Akaitwa mwonjaji mmoja mstaafu. Aliomba kikombe kimoja cha kahawa ya kila chama cha msingi, kiandikwe nambari tu pasipo jina. Akapita mezani akivuta kwa kijiko na kutema, kwa kishindo kilichowachekesha watoto waliokuwa madirishani. Vikombe viwili akavisukuma kando. Hakuuliza ni vya nani. Aliuliza, "Hawa matunda yao hufika mashineni saa ngapi?"

Basi ikajulikana. Vyama hivyo viwili vilipokea matunda jioni, fundi wa mashine akaenda zake kulala, na matunda nayo yakalala maguniani hata asubuhi. Hapana mkulima hapa asiyejua ya kuwa tunda bivu lapasa kumenywa siku ileile lilipochumwa, kwani likirundikwa gunia hupata joto na kuanza kuchacha lenyewe, kabla halijafika katika tangi la kuchachushia. Tulilijua, ila tulikuwa tumezoea kulivunja. Kisha mgeni akaomba kuliona ghala. Humo alikuta kahawa kavu imepangwa karibu na madebe ya mafuta ya taa, naye akatukumbusha kwamba kahawa hunyonya kila harufu iliyo jirani yake. Juu ya vichanja vyetu alisema ni vizuri, lakini tulikuwa tukianua mapema mno. Kahawa ya maganda haifai kuwekwa ghalani unyevu wake ukizidi asilimia 12.

Lau angalisema hayo kwa maneno matupu tungalibisha mpaka usiku. Lakini alimpa kila mjumbe kijiko. Wenyeviti wa vyama vile viwili walionja vikombe vyao pasipo kujua kuwa ni vyao, wakakunja uso kama wengine. Juma lile lile zamu ya usiku ikawekwa, fundi akaongezewa posho, na msimu uliofuata vyama hivyo vilirudi katika daraja la wenzao.

Jambo hili si geni katika ushirika. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 kwa mtaji wa pauni 28, hawakuzua yote vichwani mwao. Daktari mmoja wa mji wa Brighton, William King, alikuwa ametoa gazeti dogo liitwalo The Co-operator tangu 1828 hata 1830, akieleza jinsi watu wa kazi wawezavyo kuchanga mtaji wao wenyewe na kuanza na duka. Hakuwa mfumaji, wala hakuwa mtu wa Rochdale. Na ile sheria yao ya kuuza kwa fedha taslimu walifundishwa na kaburi: duka la ushirika lililowatangulia mjini mwao katika miaka ya 1830 lilikufa kwa kukopesha.

Hapa kwetu, KNCU ya Kilimanjaro ilianza mwaka 1933, nayo katika siku zake za mwanzo iliongozwa na meneja Mwingereza.  Hata hivyo mwaka 1937 palitokea ghasia, kwa kuwa wakulima wengi walichukia kulazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya Chama hicho. Shauri likija kwa amri, hata likiwa la kweli, mtu hulipokea kama kodi. Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, yeye alilifuata shauri kwa miguu yake: katika miaka ya 1950 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, akarudi na elimu kwa watu waliokwisha kumwamini. Tangu 1963 hatuna haja ya kuvuka bahari, maana Chuo cha Ushirika kiko Moshi, nacho tangu 2014 ni chuo kikuu.

Wala tusidhani haya ni mambo ya vyama tu. Mama mmoja mwanachama wetu ana duka dogo ambalo lilikuwa likikauka kila mwezi, naye akamshuku kijana aliyemwajiri. Tulimwomba mzee mmoja aliyekuwa na duka mjini akae naye siku tatu. Mzee hakugusa fedha. Alihesabu sukari na unga uliokuwa ukipelekwa jikoni bila kuandikwa. Duka halikuibiwa, lilikuwa likiliwa. Mama alikasirika juma zima, kisha akanunua daftari la pili, la nyumbani. Kijana yungali kazini.

Hata hivyo si kila ajaye ni mgeni wa kuponya. Mwaka mmoja alitujia bwana mwenye mkoba mzuri, akatushauri kununua mtambo mkubwa kwa mkopo, na ada yake ilipwe kwanza. Tulikuwa tumekwisha shika kalamu, twakiri. Mhasibu wetu ndiye aliyenong'ona kwamba bwana yule hakuomba kuona hata daftari moja la hesabu, tena mtambo huo aliuuza yeye mwenyewe. Tukaiweka kalamu chini, tukampa chai, akaenda zake.

Kesho Mkutano Mkuu utaulizwa kama tumwite mwonjaji kila msimu, na gharama yake itoke katika ushuru wa Chama. Tumesikia wengine wakisema fedha ya kuonja ni fedha ya bure. Sisi wa ofisini, tulioandika barua ile kali, tumekwisha kueleza upande wetu. Kabla ya kura kikombe cha kahawa ya kila chama kitakuwa mezani, na nambari bila majina. Tafadhali njoni mapema, na asubuhi hiyo msile pilipili.