Kurina Asali Kandokando ya Ziwa
Maneno ya hotuba kwa wenye mizinga wa Kisumu na pwani ya Ziwa Victoria



Wazee husema kwamba mwonja asali haonji mara moja. Msemo huu hutajwa kwa kumcheka mtu mwenye tamaa, lakini mwenye mzinga nyuma ya nyumba yake yafaa aushike kama sheria ya kazi yake. Anayetaka kuonja mara ya pili hana budi kujiangalia anavyoonja mara ya kwanza. Mzinga ulionyang'anywa kila kitu leo hubaki mtupu kesho, wala hakuna fundi awezaye kuwarudisha nyuki waliokwisha kuhama.

Kwanza ni habari ya majira. Katika nchi za Ulaya nyuki hukaa mzingani wakati wa baridi wakila asali waliyojiwekea, na asali ya kwanza hupatikana baada ya miti kuchipua. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, wala haina baridi ya namna hiyo. Huku mwaka wa nyuki huongozwa na mvua. Mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na mvua za vuli tangu Oktoba hadi Desemba. Mvua ikipungua, maua huwa tele, na nyuki hujaza masega. Kwa hiyo mwenye mzinga hutazamia kurina baada ya masika, na mara nyingine tena baada ya vuli. Lakini asiifuate kalenda peke yake, kwa kuwa mvua hukawia mwaka mmoja na kuwahi mwaka mwingine. Mwamuzi wa kweli ni sega lenyewe.

Sega lililoiva hujulikana kwa kifuniko chake. Nyuki huleta maji matamu ya maua, huyapunga kwa mabawa yao mpaka maji mengi yamekauka, kisha huziba kila kijumba kwa nta nyembamba. Kifuniko hicho ni kama muhuri wa nyuki wenyewe, kuonyesha kwamba asali imekuwa tayari. Asali iliyorinwa kabla ya kuzibwa ina maji mengi. Baada ya muda huchacha na kutoa povu, na mnunuzi aliyedanganyika mara moja harudi tena.

Pili, ni lazima kuwajua nyuki wenyewe. Nyuki wa nchi hizi ni hodari wa kazi, lakini ni wakali kuliko nyuki wa Ulaya, na wepesi wa kuhama wakiudhiwa. Ukali wao umejulikana hata ng'ambo ya bahari. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, aliwapeleka nchini kwake nyuki kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, akitumaini kupata asali zaidi. Mwaka 1957 makundi kadhaa yalitoroka, na uzao wake ukaenea katika Amerika ya Kusini na ya Kati mpaka ukafika Marekani. Nyuki hao ni ndugu wa hawa wanaoonekana leo katika maua ya miembe ya Seme na Nyakach. Basi mtu asidhani kwamba mzinga wa nyumbani ni kama banda la kuku.

Kwa sababu hiyo mahali pa kuweka mzinga pachaguliwe kwa akili. Viwanja vidogo vya mjini, ambamo nyumba zimebanana na watoto hupita kila saa, havifai kabisa. Huko mashambani, mzinga uwekwe mwisho wa shamba, mbali na njia, mbali na kisima, na mbali na mahali pa kufungia mifugo. Mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia nyuki wakichafuka. Ua mrefu wa minyaa, kama ulivyo desturi katika maboma mengi ya Waluo, husaidia sana, kwa kuwa huwalazimisha nyuki kuruka juu kupita vichwa vya watu. Mzinga utundikwe kwa waya, na waya upakwe grisi, ili siafu wasipande. Na majirani wote waarifiwe kabla ya siku ya kurina.

Tatu ni mzinga wenyewe. Tangu zamani watu wametumia gogo lililotobolewa. Gogo ni rahisi kupata, lakini masega yote hushikamana ndani yake, na mrina asali aliyetumia mwenge wa moto mara nyingi aliunguza nyuki, majana na asali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, ulitengenezwa nchini mzinga unaojulikana sasa duniani kote kwa jina la Kenya. Ni sanduku lenye mbavu za mshazari, na juu yake vimepangwa viunzi vya mbao, kila kimoja upana wa milimita 32 hivi. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi. Kwa hiyo mrina asali huweza kuinua sega moja, akalitazama, na kulirudisha bila kubomoa nyumba nzima.

Siku ya kurina ikifika, kazi ianze jioni, kiasi cha saa kumi na moja, jua linapopungua nguvu. Giza likiingia nyuki hurudi mzingani, na usiku huwatuliza kabla watu hawajaamka. Lakini kandokando ya Ziwa mvua ya radi hupenda kuja alasiri na jioni. Mawingu yakionekana kukusanyika, kazi iahirishwe, maana mzinga uliofunguliwa katika mvua huharibika. Nguo ziwe nyeupe au za rangi hafifu, kwa sababu nyuki hushambulia zaidi kitu cheusi. Wavu wa uso, glavu na viatu virefu ni lazima, na wafanyaji kazi wawe wawili. Taa ikihitajika, ifunikwe kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaoni vizuri mwanga mwekundu.

Moshi utoke katika kinyesi kikavu cha ng'ombe au magunzi ya mahindi. Matambara yenye mafuta ya taa huitia asali harufu mbaya. Moshi kidogo mlangoni watosha. Kisha mrina asali angoje dakika chache. Nyuki wakisikia moshi hujaza matumbo yao asali, na nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuchoma. Tena moshi hufunika ile harufu ya hatari ambayo nyuki mmoja akichoma huwaita wenzake. Harufu hiyo hufanana na ya ndizi mbivu, na aliyeisikia aongeze moshi mara moja.

Kazi ianzie upande ulio mbali na mlango, maana huko ndiko asali huwekwa. Malkia na majana hukaa zaidi karibu na mlango. Kila kiunzi kiinuliwe polepole na sega lining'inie wima, lisije likavunjika. Nyuki wafagiliwe kwa manyoya au majani laini. Likiwa limezibwa karibu lote, likatwe, lakini ukanda mwembamba uachwe chini ya kiunzi ili nyuki wajue pa kujenga tena. Mara mrina asali anapoona majana, asimame hapo, afunge mzinga. Sega lenye majana halina faida mezani. Lakini kwa nyuki ndilo jeshi la kesho, maana huchukua majuma matatu hivi tangu yai mpaka nyuki kamili.

Na iwe kwamba majirani wawili wana mizinga iliyojaa sawasawa. Wa kwanza anatoa kila sega mpaka mlangoni, anajaza ndoo, na watu wanamsifu. Wa pili, katika kila masega matatu ya asali anaacha moja, wala hagusi majana. Usiku ule ndoo yake ni nyepesi kuliko ya mwenzake. Lakini nyuki wa yule wa kwanza, wakikosa chakula na watoto, huenda wakahama kabla ya mwezi kwisha, naye akabaki kutazama sanduku tupu mpaka bumba jingine lipite, kama litapita. Wa pili anangojea mavuno mengine. Hesabu ya asali si ya ndoo moja. Ni ya miaka.

Asali ikifika nyumbani, masega ya asali safi yapondwe na kuchujwa kwa kitambaa safi kikavu, katika chumba kilichofungwa, kwani nyuki huifuata harufu. Isitiwe maji, wala isichemshwe. Chombo kiwe kikavu, chenye kifuniko, kisichoshika kutu. Nta iliyobaki isitupwe. Iyeyushwe katika maji ya moto, ichujwe, iachwe igande, nayo itauzwa. Na mama wote wakumbuke kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa kuwa yaweza kumletea ugonjwa mkali.

Mwisho ni neno juu ya hatari. Mtu aliyechomwa aukwangue mwiba upesi, kwa maana huendelea kutia sumu. Nyuki wakishambulia kwa wingi, asisimame kuwapiga, akimbie aingie nyumbani na kufunga mlango. Asijitose Ziwani, nyuki wataruka juu ya maji wakimngojea ainue kichwa apumue. Aliyevimba midomo au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa kungoja mpaka asubuhi kwaweza kumwua.

Kwa Kijaluo asali huitwa mor kich, yaani mafuta ya nyuki. Jina hilo lamkumbusha mrina asali mwenye mali ni nani. Nyuki ndio waliofanya kazi, naye ni mgeni aliyefika jioni mlangoni pao kuomba sehemu. Mgeni mwenye adabu hali chakula chote cha mwenyeji wake, na kwa hiyo siku nyingine mlango hufunguliwa tena.